Paka wa depo amezaa: ginsi ya kumuchunga mama na watoto wake



Mara nyingi katika gazeti hili dogo tunazungumuza juu ya mbegu, mbolea na bei ya mufuko wa mahindi kule Kolwezi. Leo tunazungumuza juu ya paka. Musicheke kwanza. Tulipopita Kasaji mwezi wa tano, wakati watu walikuwa wanaingiza mahindi mapya, mama mumoja, mutunza-feza wa koperative, alitukamata kwa mukono akatupeleka nyuma ya depo. Kule, kati ya ukuta na mifuko mitupu, paka mwenye mabaka meusi na meupe alikuwa amelala na watoto wane, macho yao bado yamefungwa. Mama akatuuliza: "Ba agronome, huyu amezaa. Tuwafukuze, tuwauze, ao tuwaache? Na kama tunawaacha, tufanye nini?"

Tulimujibu palepale kwa kifupi, lakini tulimuahidi kuandika jibu lote, sababu kwa jambo hili sisi tuko na deni. Mwaka uliopita, katika depo ingine ya upande uleule, mifuko ilikuwa inatobolewa kila usiku. Sisi wenyewe ndio tuliosema: wekeni sumu ya panya. Hatukuuliza kama kuna paka. Alikuwako. Alikula panya waliokula sumu, na kisha siku nane mulinzi akamukuta amekufa karibu na mulango. Watoto wake watano, wa siku 12 tu, wakabaki wanalia ndani ya kartoni. Tulijaribu kuwalisha kwa mukono. Wawili walipona. Panya nao, wale waliobaki, walizaana upya, na depo ikakaa muda mrefu bila paka mukubwa. Mwezi wa kumi na moja, wakati wa kupanda, wanachama walifungua mifuko ya mbegu wakakuta punje nyingi zimekulwa upande mumoja tu, pale penye kiini. Panya anapenda kiini kwanza. Punje ya namna ile ukiitazama mbali unasema ni nzima, lakini ukiipanda haioti. Wamama wawili walipaswa kukopa mbegu kwa jirani.

Basi hesabu ya paka ni hesabu ya mahindi.

Panya anakula kiasi gani?

Panya mukubwa wa nyumba anakula karibu gramu 15 mpaka 20 za nafaka kwa siku. Ni kidogo, ngumi haijai. Lakini tuweke panya 20 ndani ya depo moja, na hiyo si mingi. Kwa siku wanakula gramu 300 mpaka 400. Kwa mwezi, kilo 9 mpaka 12. Toka mwezi wa tano mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja, miezi saba, wamekula kilo 63 mpaka 84. Hapo hatujahesabu mikojo, mavi, na mifuko iliyokatwa ambayo inamwanga mahindi chini. Mwenye kununua akiona mavi ya panya ndani ya mahindi, anashusha bei ya mufuko wote.

Kuna pia panya wa shamba, yule mudogo wa rangi ya udongo mwenye maziwa mengi kwenye tumbo. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Sokoine, kule Morogoro, Tanzania, pamoja na walimu wao wamemuchunguza miaka mingi, sababu anapatikana karibu Afrika yote ya kusini ya Sahara. Jike anaweza kuwa na chuchu mpaka 24, anabeba mimba siku 23 tu, na mara nyingi anazaa watoto 10 na zaidi kwa mara moja. Huyu anaanza shambani, anafukua mbegu zilizopandwa, na kiangazi kikifika anafuata mahindi nyumbani.

Paka peke yake anatosha? Hapa tuseme kweli. Katika mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo ya kazi waliyofanya kwenye makao 40 ya wakulima katika inchi ya Swaziland, ambayo leo inaitwa Eswatini. Waliona kwamba pale palipokuwa na paka na mbwa pamoja, panya walipunguka kutembea na kula. Pale palipokuwa paka tu, ao mbwa tu, hawakuona tofauti na makao yasiyo na kitu. Kwa hiyo musiseme: tumepata paka, tusizibe tena matundu. Zibeni matundu, inueni mifuko juu ya mbao, fagieni mahindi yaliyomwangika, mufunge mbwa wa mulinzi karibu na depo usiku, na paka afanye sehemu yake. Lakini paka wa kufanya kazi hiyo hatoki sokoni. Anatoka kwa mama aliyemufundisha. Ndiyo sababu tunarudi kwa yule mama wa nyuma ya ukuta.

Mbele ya kuzaa

Paka anabeba mimba karibu siku 63 mpaka 65, ndiyo kusema miezi miwili na siku chache. Wiki ya mwisho mutamuona anazunguka, anaingia ndani ya vikapo, anapanda juu ya mifuko, anatafuta pahali pa giza. Musimuache achague peke yake, sababu mara nyingi atachagua kati ya mifuko ya mahindi, na siku watu wanabeba mifuko watamuponda pamoja na watoto.

Mutafutie kartoni ao kasha la mbao, urefu wa mukono toka kiwiko mpaka vidole na kidogo zaidi, upana hivyo hivyo. Kateni mulango upande mumoja, ukingo wa chini ubaki kimo cha kiganja kusudi watoto wasitambae nje. Tandikeni kitambaa cha kitenge cha zamani kilichofuliwa. Majani makavu ni mazuri kwa kuku, lakini yanaficha viroboto. Wekeni kasha pahali pakavu, mbali na mulango, mbali na mbwa, juu ya mbao kusudi unyevu wa chini usipande. Lionyesheni mama wiki moja ao mbili mbele, mumuwekee chakula ndani. Akikataa na kuchagua kona ingine iliyo salama, mufuate yeye. Bishaneni na bei ya mbolea, lakini na paka mwenye mimba mutapoteza wakati.

Siku ya kuzaa

Siku hiyo kazi yenu ni kunyamaza. Watoto wa mutaa wasikuje kumutazama kumi kumi. Mara nyingi atazaa watatu mpaka watano, na wa mara ya kwanza anaweza kuzaa wawili ao watatu tu. Kati ya mutoto na mutoto kunaweza kupita dakika 10, ao saa moja, na wengine wanapumuzika zaidi. Mama anapasua ngozi nyembamba inayomufunika mutoto, anamulamba kwa nguvu mpaka alie, anakata kitovu kwa meno, na anakula kondo. Musimunyanganye. Ni namna yao.

Kama mama mugeni wa kazi hii anamuacha mutoto ndani ya ngozi yake bila kuipasua, hapo ingieni haraka: pasueni ngozi kwenye pua, mupanguse mudomo, mumusugue kwa kitambaa kikavu mpaka apumue. Kama kitovu hakikukatwa, fungeni uzi safi karibu vidole viwili toka tumbo, mukate upande wa mbele ya uzi, kwa wembe mupya ao makasi iliyochemushwa. Kama mama anasukuma kwa nguvu nusu saa nzima na mutoto hatoki, ao damu nyingi inatoka, itafuteni serivisi ya mifugo. Tunajua kwa wengi wenu munganga wa nyama za kufuga ni mbali. Kwa hiyo mujue mbele ya siku hiyo ni nani, iko wapi, na telefone yake ni gani.

Maziwa ya siku ya kwanza ni ya lazima. Ndani yake kuna kinga ambayo mama anapitisha kwa watoto, na tumbo la mutoto linaipokea vizuri katika saa zile za kwanza tu, siku moja hivi, kiisha mulango unajifunga. Mutoto aliye zaifu, ambaye ndugu zake wanamusukuma, muwekeni nyinyi wenyewe kwenye chuchu za nyuma, ambazo mara nyingi ndizo zenye maziwa mengi.

Baridi

Tunakaa kidogo hapa, sababu hapa ndipo wengi wanakufa katika inchi yetu ya juu.

Mutoto wa paka anazaliwa na gramu karibu 90 mpaka 110, haoni, hasikii, na hawezi kujipasha moto mwenyewe. Moto wake unatoka kwa mama na kwa ndugu zake. Wiki ya kwanza anahitaji joto karibu na digri 30. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Kasaji, nyinyi wenyewe munajua: mutu anatafuta blanketi ya pili. Mutoto aliyepata baridi hawezi kunyonya, na hata akinyonya maziwa hayapiti vizuri tumboni. Watu wanaona haonyonyi, wanasema ana njaa, wanamumiminia maziwa mudomoni, anakufa. Mupasheni moto kwanza, kiisha mumulishe. Shikeni neno hilo kuliko yote ya barua hii.

Kumupasha moto: mutie kifuani, ndani ya nguo, kwenye ngozi yenu, pole pole, nusu saa ao saa nzima. Ao mujaze mayi ya moto katika chupa ya plastiki, muifunge vizuri, muizungushe kitambaa nene, muiweke upande mumoja wa kasha. Upande mumoja tu, kusudi mutoto akisikia moto mwingi aweze kutambaa kwenda upande wa baridi. Musilete mbabula ya makala ndani ya depo iliyofungwa. Mbali na moto kuwaka, moshi ule ambao hauonekani unaua watoto, mama, na mulinzi pamoja nao.

Kujua kama wanaendelea, mizani ni bora kuliko macho. Mizani ya mahindi haisomi gramu 100, lakini ile ndogo tunayotumia kupima mbegu za mboga inasoma. Mutoto muzima anaongeza gramu 10 mpaka 15 kila siku. Wa gramu 95 siku ya kwanza anapaswa kuwa karibu na 140 siku ya tano. Mwenye kukaa siku moja bila kuongeza, muangalieni. Mwenye kupunguka siku mbili, ana shida. Kisha mapimo nawa mikono, rudisha mutoto haraka. Mama akisumbuliwa sana atamukamata kila mumoja kwa shingo na kuwahamisha, na pahali papya panaweza kuwa dari ya nyumba ya jirani asiyependa paka. Dume naye asifike karibu, sababu kuna madume wanaoua watoto wadogo.

Chakula cha mama

Paka si mbuzi. Bukari na sombe haviwezi kumukamatisha. Mwili wake unahitaji vitu vinavyopatikana katika nyama na samaki tu, na bila hivyo macho na moyo vinaharibika. Watu wengine wanasema: tukimulisha hatawinda. Si kweli. Paka anawinda hata akiwa ameshiba, na mwenye njaa hana nguvu ya kukaa saa mbili mbele ya tundu. Tena mama mwenye njaa anaacha watoto peke yao usiku kucha akitafuta.

Wakati wa kunyonyesha, mama anahitaji chakula mara mbili ao mara tatu kuliko kawaida yake. Tunajua si rahisi. Ndakala ya kukauka, ngumi moja asubui na moja mangaribi, iliyolowekwa, pamoja na bukari kidogo ya kujaza. Utumbo wa kuku uliopikwa, vichwa vya samaki, yai mara moja moja. Makayabu ina chumvi nyingi: muiloweke usiku muzima, mumwange mayi, kiisha mumupe. Musitie vitunguu wala ail, vinaharibu damu ya paka. Na mayi safi kila siku ndani ya mukebe. Bila mayi hakuna maziwa.

Chuchu ikiwa nyekundu, ngumu na ya moto, mama akikataa kunyonyesha, ni ugonjwa wa maziwa. Akianza kutetemeka na kuanguka katika wiki za kwanza kisha kuzaa, mara nyingi ni upungufu wa chokaa katika damu. Mutenge na watoto na mukimbie kwa munganga siku hiyohiyo, musingoje kesho.

Kama mama amekufa

Kwanza ulizeni mutaa muzima: kuna paka mwingine mwenye kunyonyesha? Paka wengi wanakubali watoto wa mwenzao. Muwasugue wageni kwa kitambaa cha kasha lake, muwatie kati ya watoto wake yeye akiwa ametoka kula. Sisi mwaka uliopita hatukufikiri hivyo mbele ya siku ya tatu. Kumbe nyuma ya kituo cha treni kulikuwa paka mwenye watoto wawili tu na maziwa ya kubaki. Wale wetu wawili waliopona, yeye ndiye aliyewaponyesha. Sisi tulikuwa tunachoka bure na seringi.

Kama hakuna, mutawalisha nyinyi. Maziwa ya ngombe peke yake ni mepesi kwa paka na yanaleta kuhara. Maziwa ya unga yaliyofanyiwa mutoto wa mutu nayo hayafai vizuri. Ya kuvukia siku chache: kilauri kimoja cha maziwa ya mbuzi yaliyochemushwa na kupoa mpaka uvuguvugu, na kiini cha yai moja bichi, muchanganye, muchuje kwa kitambaa. Tumieni seringi mupya ya mililita 5 bila sindano. Mutoto alale kwa tumbo kama anaponyonya mama, kamwe si kwa mugongo kama mutoto wa mutu, sababu maziwa yataingia ndani ya mapafu. Tone kwa tone. Wiki ya kwanza mililita 3 mpaka 5 kwa mara moja, kila saa mbili ao tatu, usiku pia. Wiki ya pili, kila saa tatu ao ine. Kisha kila mulo, mufute kwa kitambaa chenye mayi ya uvuguvugu chini ya mukia mpaka akojoe na kunya. Mutoto wa wiki mbili za kwanza hawezi kukojoa bila mama kumulamba. Hilo wengi hawalijui, na mutoto anavimba na kufa akiwa ameshiba.

Sumu na dawa

Kama kuna paka katika depo, musiweke sumu ya panya. Tumelipa feza ya masomo hayo. Mitego tu, na musiiweke karibu na kasha.

Kuna hatari ingine ambayo sisi watu wa kilimo ndio tunaileta. Dawa ya unga ya kuchanganya na mahindi kusudi fukusi wasiingie, nyingi ziko na permetrini. Kwa mutu na kwa kuku, kwa kipimo chake, haina shida kubwa. Kwa paka ni sumu kali, sababu maini yake hayawezi kuivunja. Analala juu ya mufuko, unga unashika manyoya, anajilamba, anaanza kutetemeka. Kwa hiyo siku ya kutia dawa, mama na watoto watoke, na kasha lao lisirudi kati ya mifuko hiyo. Dawa ya kupe ya ngombe nayo isiguse paka, hata tone. Na vile vidonge vya kutoa gazi ndani ya depo, tulishaandika mara nyingi: si vya kutumia nyinyi wenyewe, paka awe ama asiwe.

Nyumbani, musimupe dawa ya watu. Parasetamole, kidonge kimoja tu, kinaua paka mukubwa.

Viroboto wakiwa wengi wanaweza kumaliza damu ya mutoto mpaka ufizi wake unakuwa mweupe. Fueni kitambaa cha kasha kwa mayi ya moto kila siku tatu, muanike kwenye jua, mukamate viroboto kwa kitana chenye meno madogo, muwazamishe ndani ya mayi ya sabuni. Ni kazi ya watoto wenu wa miaka kumi, wanaipenda.

Minyoo inapita kwa maziwa ya mama, ndiyo maana karibu kila mutoto iko nayo, tumbo linatokea kama ngoma na mugongo unabaki mufupa. Dawa ya minyoo inaanza wiki ya tatu, inarudiliwa kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, na mama anakunywa siku moja na watoto. Kipimo kinafuata uzito, kwa hiyo muende kwa mutu wa mifugo na mizani yenu mukiwa mumeshaandika gramu.

Shule ya kuwinda

Macho yanafunguka kati ya siku 7 na 14. Musiyafungue kwa vidole. Wiki ya tatu meno yanatokea. Wiki ya ine wekeni sahani ya chini chini, ndakala iliyosagwa na mayi ya uvuguvugu mpaka iwe kama uji. Watatembea ndani yake kwanza. Pole pole watakula, na kufikia wiki ya saba ao ya nane mama anawaachisha ziwa yeye mwenyewe.

Sasa, kosa kubwa la inchi yetu: mutoto wa wiki ine, mwenye macho mazuri, mutu anapita, anatoa franka kidogo, anamubeba. Ndipo munasema baadaye paka wa siku hizi hawakamati panya. Tangu wiki ya ine ao ya tano mama analeta panya aliyekufa, anamula mbele ya watoto. Kiisha analeta na kuwaachia. Kiisha analeta mwenye uhai nusu, anamuachia akimbie, watoto wanamufukuza, akiponyoka mama anamurudisha. Hiyo ndiyo shule, na inaendelea mpaka mwezi wa tatu. Mutoto aliyetolewa mbele ya wiki nane amekosa darasa. Kwa depo, tunaomba mungoje wiki kumi mpaka kumi na mbili. Katika zile wiki, watoto wa nyumba wamushike mutoto wa paka kidogo kila siku, kusudi asiwe wa pori.

Watu wa nyumba

Tieni kasha la muchanga ao majivu katika kona ya depo, kusudi wasinye juu ya mahindi, na muliondoe kila siku. Katika mavi ya paka, zaidi paka mudogo, kunaweza kuwa kimelea kinachoitwa toksoplasma, kinachoweza kumuumiza mutoto tumboni mwa mama. Kimelea hicho kinahitaji siku moja ao zaidi inje kabla ya kuweza kuingia mutu, ndiyo maana kuondoa kila siku kunasaidia. Mwanamuke mwenye mimba asifanye kazi hiyo. Lakini asimufukuze paka, sababu kimelea kilekile kinapita pia katika nyama isiyoiva na mboga isiyooshwa.

Paka akimuuma ao kumukwaruza mutu, osheni kidonda kwa mayi mingi na sabuni dakika 15, kiisha muende kituo cha afya siku ileile. Kichaa cha mbwa kinapita kwa paka pia. Chanjo ya paka inaanza akiwa na miezi mitatu. Timu ya chanjo ya mbwa ikipita, mupeleke paka ndani ya kikapo chenye kifuniko.

Kuna wazee wanaosema paka wa usiku anatumwa. Hatukuja kubishana na wazee. Kwa depo moja walikubaliana paka apewe jina na shanga shingoni, kila mutu ajue ni wa koperative, na maneno yakapunguka. Tunajua tena kuna watu wanaotazama paka munene na kufikiri sufuria. Kwa hao shanga inasaidia vilevile.

Wale wane wa Kasaji

Yule mama mutunza-feza hakungoja barua yetu. Tuliporudi mwezi wa saba, alikuwa amefungua ukurasa katika kaye ya koperative, nyuma ya hesabu ya mifuko. Upande mumoja gramu za kila mutoto, siku kwa siku. Mumoja, wa kike, alikufa siku ya pili, na aliandika: baridi. Upande mwingine majina ya wanaoomba watoto watatu waliobaki. Majina yalikuwa kumi na moja. Sharti aliloweka: hakuna kubeba mbele ya wiki kumi, na kila anayepata mutoto analeta meka moja ya ndakala kwa ajili ya mama yao.

Mwenyekiti aliomba aruke mustari. Jina lake tulilikuta namba saba.

Mama paka mwenyewe alikuwa juu ya ukingo wa depo, anaangalia tundu moja chini ya mulango ambalo tuliwaambia walizibe mwezi wa tano.

"Tunaliziba kesho," mulinzi akasema. "Lakini tazameni kwanza, ba agronome. Anawafundisha pale."

Tulikaa nao karibu saa moja, mifuko ya mbolea ikitungoja kwenye gari.